Namna ya Kuchagua Mabehewa ya Mizigo ya Kuundia Vielelezo

Fundi wa Malindi anayetaka kuunda mabehewa madogo ya mizigo kwa ajili ya kuuza hana budi kuamua kwanza ni reli ipi anayoiigiza, kwa kuwa ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa milimita 1,000 kati ya vyuma vyake viwili, ilhali ile iliyofunguliwa mwaka 2017 ina milimita 1,435. Kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo halisi kikigawanywa kwa 87, ipendwayo na wakusanyaji wengi duniani, reli mpya huwa milimita 16.5, ya zamani huwekwa kwenye njia ya milimita 12, ambayo ni adimu zaidi madukani.

Kisha itazame chasisi. Ikiwa chasisi moja inaweza kubeba behewa la kufunikwa, la wazi na la tangi, kalibu moja itazaa bidhaa tatu, na jambo hilo mimi naliweka mbele ya uzuri wa umbo. Behewa la makontena ndilo jepesi kuanzia: kontena la futi 20 hutoka na urefu wa milimita 70 hivi, na mbao laini hulifaa, mradi mikunjo ya bati ichongwe kwa patasi nyembamba kabla ya kupaka rangi.

Usichague behewa usilokuwa na picha zake za ubavuni na za miishoni, kwani breki na bawaba za milango hazikisiwi. Makumbusho ya Reli jijini Nairobi yana mabehewa ya zamani. Omba ruhusa, upime mwenyewe.