Kudhibiti mapigo ya moyo na presha wakati wa kuweka stenti kwenye ateri ya karotidi

Stenti ni kibomba cha wavu kinachoiacha wazi ateri ya karotidi, inayopeleka damu kwenye ubongo. Hatari kubwa huja linapojazwa puto la kutanua sehemu iliyozibwa. Ateri ya karotidi inapogawanyika shingoni kuna vipokezi vinavyopima presha. Puto likivitanua, ubongo hudhani presha imepanda ghafla, neva ya vagasi huamshwa, moyo hupunguza kasi au hata kusimama kwa sekunde kadhaa, na presha huanguka. Tarajia hali hii zaidi sehemu iliyozibwa ikiwa kwenye mgawanyiko wenyewe na imejaa kalsiamu. Aliyewahi kusafishwa ateri hiyo kwa upasuaji huathirika kidogo.

Kabla ya kuanza, hakikisha dripu inapita vizuri na presha inasomwa mfululizo. Atropini, dawa ya kuongeza mapigo ya moyo, miligramu 0.5 hadi 1 hupewa kupitia mshipa dakika chache kabla ya kujaza puto. Chini ya 0.5 kwa mtu mzima inaweza kupunguza mapigo badala ya kuyaongeza. Jaza puto kwa muda mfupi, mmoja akitazama monita tu. Mapigo yakishuka, toa hewa ya puto mara moja... kwa usahihi zaidi, nyonya maji yake yote, maana puto hujazwa kimiminika chenye rangi ya eksirei.

Presha ikibaki chini, ongeza maji ya dripu, kisha fenilefrini au noradrenalini, dawa za kukaza mishipa. Atropini haitibu mishipa iliyolegea. Kagua pia kinena, kama vifaa vimepitia hapo: damu inayovuja ndani hufanana na hali hii.

Presha ya chini inaweza kudumu saa 24 hadi 48. Presha ikipanda pamoja na kichwa kuuma upande wa stenti, ishushe haraka. Ubongo unaweza kuvuja damu.