Namna ya Kuandika Historia ya Chuo Kikongwe cha Wasichana Nyanda za Juu Kusini

Anayetaka kuandika historia ya shule au chuo kilichotangulia kuwasomesha wasichana huko Rungwe, Mbeya, Iringa au Njombe aanze na wanawake waliosoma hapo, na majalada yafuate baadaye. Jalada lililohifadhiwa Dar es Salaam litamsubiri hadi mwakani, lakini bibi wa miaka tisini aliyeko Tukuyu huenda asimsubiri. Nalisisitiza hili kwa sababu historia nyingi zinazosomwa kwenye sherehe za jubilei huwa ni orodha ya wakuu wa shule, majengo na wageni rasmi, ilhali msichana aliyelala bwenini, akaamka alfajiri kuchota maji, kisha akakaa darasani kujifunza hesabu kwa lugha ambayo kwao haikuzungumzwa, hatajwi hata mara moja.

Panga safari za mahojiano kati ya Juni na Agosti, shughuli za shamba zinapopungua na barabara za vijijini zinapopitika, ingawa baridi ya miezi hiyo ni kali. Nenda na mtu wa ukoo au mzee wa kanisa anayefahamika hapo nyumbani, eleza unachokitafuta, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha simu kurekodi. Bibi akipenda kusimulia kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena, mwache asimulie hivyo, nawe utafute mkalimani baadaye. Usimbane kwa kumtaka ataje mwaka, maana wengi hawakuishi kwa kalenda. Muulize kama aliondoka shuleni kabla ya Uhuru, kama Azimio la Arusha lilimkuta akifundisha, au kama mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshazaliwa wakati reli ya TAZARA ilipojengwa kupitia Makambako na Mbeya. Majibu ya namna hiyo unaweza kuyaweka kwenye 1961, 1967 au miaka ya 1970 hadi 1975 bila kumlazimisha kubahatisha.

Kazi ngumu kuliko zote ni majina, na hapo ndipo ninaposhauri utumie muda mwingi zaidi. Katika rejesta ya zamani msichana huandikwa jina lake, kisha neno «binti», kisha jina la baba. Akibatizwa, hupata jina jingine. Akiolewa, huweza kuchukua la mume. Na akishazaa, kijiji kizima humwita Mama Fulani kwa jina la mtoto, hata majirani wa karibu wakawa hawalijui jina alilosomea. Matokeo yake ni kwamba Atupele wa rejestani, Maria wa kitabu cha ubatizo na Mama Ipyana wa kijijini wanaweza kuwa mtu mmoja, na mwandishi asiye makini atawahesabu watatu, au atasema kwamba Atupele alipotea. Tengeneza daftari ambalo kila mwanamke ana ukurasa wake, uandike majina yote, jina la baba, kijiji, darasa na wenzake wa bwenini. Kisha linganisha rejesta ya shule na vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia au usharika. Picha za zamani ukizipiga upya kwa simu, piga na upande wa nyuma, kwa kuwa majina mara nyingi yameandikwa hapo kwa penseli.

Kuhusu mwaka wa kuanzishwa, usikubali tarehe ya kwenye ubao wa langoni kabla ya kuihakiki. Kwa mfano, Girton, chuo cha Cambridge nchini Uingereza kilichoanzishwa kwa ajili ya wanawake, kilianza mwaka 1869 kwa juhudi za Emily Davies na wenzake, kikiwa na wanafunzi watano katika nyumba ya kupanga mjini Hitchin; kilihamia Girton mwaka 1873, na wanawake hawakupewa shahada kamili za Cambridge hadi 1948. Kwa chuo chako pia eleza waziwazi ni lini darasa la kwanza lilikaa, ni lini majengo ya sasa yalijengwa, na ni lini shule ilipanda kutoka shule ya kati kuwa sekondari au chuo cha ualimu.

Ukifika kwenye nyaraka, kumbuka kwamba mipaka ya utawala imebadilika. Majalada mengi ya miaka ya mwisho kabla ya Uhuru yako chini ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Mambo ya Njombe ya kabla ya 2012 yatafute chini ya Iringa, na ya Songwe ya kabla ya 2016 chini ya Mbeya. Shule zilizoanzishwa na misheni zina kumbukumbu za mbali zaidi: za Wamoravian wa Rungwe, waliofika mwaka 1891, zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo husoma kwa shida. Baada ya serikali kuzichukua shule nyingi za mashirika ya dini kufuatia sheria ya elimu ya 1969, baadhi ya daftari zilibaki parokiani, kwa hiyo ulizia pande zote mbili.

Usiwaache nje wasichana ambao hawakumaliza. Rejestani utaona mstari uliokatwa, na pembeni neno moja tu, «ameolewa», au nafasi tupu ambayo wenzake wanajua kuwa ilikuwa mimba. Hao nao walikuwa wanafunzi wa chuo hicho. Andika idadi yao kama daftari inavyoonyesha, bila kumtaja kwa jina asiyetaka kutajwa.

Rasimu ikiwa tayari, rudi kwa waliokusimulia na uwasomee kwa sauti sehemu zinazowahusu, kwa kuwa wengine macho yao yamechoka, na urekebishe watakapokusahihisha. Nakala moja iache shuleni, nyingine maktaba ya mkoa, na sauti ulizorekodi uwape familia zao kwenye kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa jina.