Kumwandika Badoglio kwa Kiswahili: vyeo, tarehe na pale panapokosewa

Mwanafunzi wa skuli anayetayarisha bango la klabu ya historia juu ya Pietro Badoglio, jenerali wa Italia aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, hukwama zaidi kwenye vyeo. Maneno ya Kitaliano yanafanana na tunayoyajua, na kufanana huko ndiko kunakopoteza. Hata jina lenyewe lina mtego: hutamkwa Badolyo, g haisikiki. Mwambie msomaji mara moja, juu kabisa.

Chukua manila moja, uigawe kwa rula safu nne: mwaka, cheo cha jeshi, wadhifa wa serikali, mahali. Safu ya pili na ya tatu usizichanganye. Wengi huandika kwamba aliacha jeshi akaingia siasa mwaka 1943, na safu hizi mbili zinaonesha kosa hilo papo hapo. Mfalme alimteua kuwa seneta mwaka 1919, na magwanda bado anayo mwilini. Mwaka 1924 alipelekwa Brazil kuwa balozi, na kuanzia 1929 akawa gavana wa Libya. Useneta ule haukupigiwa kura. Ulikuwa wa kuteuliwa, tena wa maisha. Msomaji wa hapa Zanzibar atauelewa ukimtajia wajumbe wa kuteuliwa katika Baraza la Wawakilishi, ila hao wana muda wao.

Sasa vyeo. "Generale di brigata" andika brigedia jenerali, "di divisione" meja jenerali, "di corpo d'armata" luteni jenerali. Ukikutana na "stato maggiore" usiandike meja: maana yake ni maofisa wa makao makuu wanaopanga vita. "Capo di stato maggiore generale", wadhifa aliokaa nao kuanzia 1925 hadi alipojiuzulu Disemba 1940, ni Mkuu wa Majeshi. Na "capo di stato", bila ya "maggiore", ni mkuu wa nchi, kitu chengine kabisa. "Presidente del Consiglio" ni Waziri Mkuu. Ukiandika Rais umeharibu, kwani Italia ilikuwa na mfalme hadi 1946.

Neno gumu kuliko yote ni "maresciallo". Likiwa peke yake ni askari asiye ofisa, karibu na sajinimeja. Likifuatwa na "d'Italia" ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa jeshini Badoglio alipopewa mwaka 1926. Kwetu neno mashali linamleta John Okello, aliyejiita Fildi Mashali katika Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964, kwa hiyo ongeza sentensi moja kwamba cheo cha Badoglio kilitolewa na dola.

Tarehe zake huja mbili mbili, moja ya kutia saini na moja ya kuanza kazi. Kusitisha vita na Austria: saini 3 Novemba 1918, bunduki kunyamaza tarehe 4. Mwaka 1943 ndipo panapokosewa zaidi. Dikteta Mussolini aliondolewa 25 Julai, na mfalme akamweka Badoglio kuwa Waziri Mkuu. Mkataba wa kusalimu amri kwa Wamarekani, Waingereza na washirika wao ulitiwa saini Cassibile, Sicily, 3 Septemba, na aliyeutia saini ni Jenerali Castellano kwa niaba yake. Ulitangazwa tarehe 8. Alfajiri ya tarehe 9 mfalme na Badoglio waliondoka Roma, wakaishia Brindisi. Majeshi hayakuachiwa amri iliyo wazi, na Wajerumani wakawanyang'anya silaha askari wengi wa Italia. Saini ya Badoglio mwenyewe iko kwenye mkataba wa pili, Malta, 29 Septemba. Vita dhidi ya Ujerumani alitangaza 13 Oktoba. Kila tarehe ipe mstari wake.

Caporetto, 24 Oktoba 1917, pigano ambalo Italia ilishindwa vibaya, iandike mstari mmoja juu ya kupandishwa kwake mwezi uliofuata kuwa naibu wa Armando Diaz, mkuu mpya wa jeshi. Adui alipasua eneo alilokuwa akilishika Badoglio, kisha Badoglio huyo huyo akapanda cheo. Msomaji aione mistari hiyo miwili imefuatana.

Afrika usiifupishe. Libya: mwaka 1930 watu wapatao 100,000 wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, walihamishiwa kambini chini ya ugavana wake, na Omar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji waliowapinga Wataliano, alinyongwa 16 Septemba 1931. Ethiopia: alimpokea Jenerali De Bono uongozi wa uvamizi Novemba 1935, akaingia Addis Ababa 5 Mei 1936, na ndege zake zilimwaga gesi ya haradali, silaha ya sumu iliyokwishapigwa marufuku na itifaki ya Geneva ya 1925. Akikwambia mtu kwamba ni uzushi, mwambie Waziri wa Ulinzi wa Italia, Domenico Corcione, naye jenerali, alilikiri jambo hilo mwaka 1996.

Pembeni ya safu hiyo weka kisanduku kidogo cha kwetu. Mwaka 1892 Sultani wa Zanzibar aliikodisha Italia bandari za Banadir, pwani ya Somalia: Barawa, Marka, Mukdishu na Warsheikh. Mwaka 1905 zikauzwa kabisa kwa pauni 144,000. Jeshi la Graziani, jenerali mwengine wa Italia, lililoingia Ethiopia kwa upande wa kusini lilitokea koloni hilo la Italia la Somalia.

Mwisho wa bango: Juni 1944 Ivanoe Bonomi alichukua nafasi yake, na 1 Novemba 1956 Badoglio akafariki. Safu ya mahali itasema Grazzano Monferrato kwa 1871 alipozaliwa, na Grazzano Badoglio kwa 1956. Usirekebishe, ni kijiji kile kile. Kilibadilishwa jina mwaka 1939 kwa ajili yake.