Somo: Ngitili yenye mizinga na ng'ombe, pesa inatoka wapi?

Wengi wakisikia nyuki kwenye ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili majani yabaki ya kiangazi, wanaanza kupiga hesabu ya asali. Mimi naanza na majani, kwa sababu kwetu Shinyanga anayemfilisi mfugaji ni kiangazi.

Hatua ya 1: Tenga eneo. Ngitili ni ya Wasukuma tangu zamani, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliirudisha kule misitu ilikokatwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua pamba. Funga mvua zinapoanza, fungua kiangazi kikikolea. Usikimbilie kununua miche: visiki vya migunga vikipumzishwa huchipua vyenyewe. Pogoa, bakiza mashina machache kwa kila kisiki.

Hatua ya 2: Pima mifugo. Hapa ndipo penye pesa. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku. Watano kwa siku 90 ni kilo 2,700. Chukulia ekari inatoa tani moja, nawe unabakiza nusu ilinde udongo: unahitaji ekari tano na nusu. Faida yake ni pumba na mashudu ambayo hukununua, na ng'ombe ambaye hukumuuza kwa bei ya kutupa akiwa mifupa mitupu. Ukiwa na ng'ombe ishirini kwenye ekari hizo, hata mizinga mia haitakuokoa.

Hatua ya 3: Tundika mizinga. Anza na michache, mbali na nyumba na mapito ya ng'ombe. Waya zipake grisi, siafu wasipande. Mzinga usioingia nyuki ni gharama tu, kwa hiyo ongeza iliyopo ikishajaa. Nta nayo iuze, msiitupe jamani!

Hatua ya 4: Miti. Kuni na nguzo zitoke kwenye mapogoleo tu.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, nyuki hawataua ng'ombe?*
Wakichokozwa, wanaweza, hasa aliyefungwa kamba. Rina jioni mifugo ikiwa zizini. Nyuki wawekee maji yao, wasijazane kwenye birika la ng'ombe.

*Na dawa ya josho?*
Dawa nyingi za kupe huua nyuki pia. Maji ya josho yasifike kwenye madimbwi wanayonywa.

*Jirani akiingiza ng'ombe usiku?*
Peleka kwenye dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, atozwe faini. Usitege mizinga njiani kama mlinzi. Ng'ombe wake akifa, kesi inakugeukia wewe.