Kabla ya Kuloweka Vanila: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayetaka Kutengeneza Arki Nyumbani

Arki ya vanila, ambayo wengine huiita esensi, haihitaji ufundi wa jikoni, kwani ni maganda ya vanila yaliyolowekwa katika pombe kali kwa miezi kadhaa. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa, lakini kosa lake hujitokeza baada ya nusu mwaka, wakati fedha zimekwisha kutumika. Kwa hiyo uangalifu wote hauna budi kutangulia.

Jambo la kwanza, na ndilo linaloamua mengine yote, ni maganda. Ganda bichi linalotoka shambani, iwe Kagera au Bundibugyo nchini Uganda, halina harufu ya vanila hata kidogo. Harufu hiyo huzaliwa katika usindikaji: ganda lililokaa kwenye mmea takriban miezi tisa tangu ua lichavushwe kwa mkono huchovywa katika maji ya moto, hufunikwa litoe jasho, huanikwa juani siku baada ya siku, kisha huhifadhiwa sandukuni kwa miezi mingine. Katika safari hiyo kilo tano au sita za maganda mabichi hubaki kilo moja tu, na hapo ndipo ilipo sababu ya bei. Anayeuziwa maganda ya kijani kwa bei ya kumwonea huruma muuzaji ajue kwamba hajauziwa vanila bado. Wapo pia wakulima wanaovuna mapema kwa kuhofia wezi, jambo lililoifanya serikali ya Uganda ianze kutangaza tarehe rasmi za kufungua mavuno, na maganda machanga ya namna hiyo hata yakisindikwa hutoa arki iliyopooza.

Ganda lililo tayari ni la kahawia iliyokolea, hujizungusha kidoleni bila kukatika, na hunukia kabla hujalisogeza puani. Ukiona weupe juu yake usikimbilie kulitupa: ukimetameta kama sindano nyembamba ni vanilini, yaani kemikali inayoleta harufu ya vanila, iliyojitokeza yenyewe, bali ukiwa kama pamba au vumbi lenye harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, na ganda hilo halifai. Mimi mwenyewe niliwahi kuyafuta maganda ya namna hiyo na kuyatumia kwa ubahili, nikaishia kumwaga chupa nzima. Tena si lazima kununua yale manene yanayong'aa; kwa kuloweka, maganda membamba na makavu kiasi yanafaa zaidi, kwa kuwa unalipia harufu, hulipii maji.

Kipimo kifuate uzito, si idadi, maana maganda hayalingani. Kanuni za Marekani, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, zinadai takriban gramu 100 za maganda kwa kila lita, katika kimiminika chenye alkoholi isiyopungua asilimia 35. Kabla ya kununua, jiulize unaoka mara ngapi. Mililita 250 ni vijiko vidogo 50, yaani keki 50 za kawaida, na zinahitaji gramu 25 tu, ambazo huwa maganda saba au manane ya ukubwa wa wastani. Mizani ndogo ya jikoni itakuepusha na kukisia.

Pombe iwe ile isiyo na ladha yake, na vodka ya asilimia 40 ndiyo nyepesi kupatikana. Konyagi ina asilimia 35, kwa hiyo inatosha kwa nguvu, ila ina harufu yake ambayo haijifichi. Gongo isitumike kabisa, kwa sababu nguvu yake haijulikani na huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo si ya kunywa wala ya kupikia. Nyumba isiyoingiza pombe iamue mapema, kwa sababu alkoholi haitoweki yote kwenye oveni: inaweza kutumia gliserini ya chakula, inayotoa arki hafifu zaidi, au kufukia maganda ndani ya sukari na kuachana na arki.

Chupa iwe ya kioo, yenye kifuniko kinachobana, ioshwe kwa maji ya moto na kukauka kabisa, kwa kuwa maji yaliyobaki huipunguza nguvu pombe. Urefu wake upimwe pamoja na ganda, au maganda yakatwe vipande baada ya kupasuliwa katikati, kwa maana kipande kinachochungulia juu ya pombe ndicho kinachoota kuvu. Mahali pake ni kabatini, mbali na jiko na jua, wala si kwenye jokofu. Wenye haraka huichemsha. Pombe kali juu ya moto hushika moto, nami siwashauri.

Kilichobaki ni kalenda. Arki huanza kufaa baada ya miezi sita na hukolea vizuri ikifika mwaka, huku ikitikiswa mara moja kwa wiki. Kwa hiyo anayeitaka kwa keki za Krismasi aloweke kabla ya mwisho wa Juni, na aandike tarehe kwenye chupa siku hiyohiyo.