Mafuriko ya Bondeni Huanzia Mlimani: Ushauri kwa Wakulima wa Dodoma Kabla ya Mvua

Mkulima wa mtama katika miteremko ya Irangi, Kondoa, na mkulima wa mpunga katika majaruba ya Bahi huenda wasionane maishani, lakini Mto Bubu umewaunganisha, kwa kuwa hukusanya maji ya Kondoa na kuyapeleka kwenye bonde la Bahi, ambalo halina njia ya kutokea baharini. Udongo unaong'olewa juu na kufika huko hauna pengine pa kwenda.

Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Wapo wanaoshangaa nchi kame namna hii ikifurika, ilhali ukame wenyewe ni sehemu ya sababu. Mvua za kwanza huikuta ardhi ikiwa tupu, mabua yameshaliwa na mifugo, na matone mazito huupiga udongo hadi vitundu vyake vikaziba na utando mgumu ukatanda juu. Milimita 10 tu zisipozama katika ekari moja ni takriban lita 40,000 za maji yanayoteremka. Zidisha kwa mashamba yote ya mlima mmoja, nawe utaelewa kwa nini korongo lililokuwa kavu asubuhi haliwezi kuvukwa jioni.

Maji yaendayo kasi huchimba na kubeba. Yakifika tambarare hupungua mwendo na kuutua mzigo wake, mchanga mzito karibu na kingo na tope laini mbali zaidi. Ndiyo maana ardhi ya bondeni ina rutuba: mto wenyewe uliijenga kwa kufurika. Penye kona, maji hula ukingo wa nje na kurundika mchanga upande wa ndani, hivyo mto huhama kidogo kidogo. Mchanga ukizidi, kina hupungua, na mvua ambayo zamani ingepita salama sasa humwagika mashambani. Kuchimbua mchanga huo bila kuzuia unaokuja ni kazi isiyokwisha.

Kwa hiyo kazi kubwa iko juu. Lima kukingama na mteremko, kamwe usilime kuufuata, kwa sababu kila mfereji unaoshuka moja kwa moja ni njia uliyoyachongea maji kwenda kwa jirani. Mistari ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa uleule bila kupanda wala kushuka, hupimwa kwa fremu yenye umbo la herufi A, iliyotengenezwa kwa miti mitatu, kamba na jiwe, na watu wawili wanaweza kuipima ekari kwa muda mfupi. Katika mistari hiyo jenga makinga maji, yaani matuta ya kuzuia maji yasiteremke, ukapande mabingobingo juu yake ili mizizi ishike udongo na ng'ombe wapate malisho ya kukata. Wanaozoea kuberega, yaani kupanda bila kulima, wajue kwamba ardhi iliyoshindiliwa huyakataa maji. Kuitifua na kuacha mabua shambani huyapa nafasi ya kuzama.

Korongo lililokwisha kuanza litibiwe kuanzia kichwani, kwa kuyageuza maji yanayoingia, kisha viwekwe vizuizi vifupi vya mawe ambavyo katikati yake ni chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka na kula kingo. Kondoa inaijua gharama ya kuchelewa: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 ilibidi mifugo iondolewe katika eneo lililoharibika zaidi ili majani yaote tena.

Kwa wakulima wa bondeni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Najua ukanda huo una unyevu na unatamanisha, hasa kwa bustani, lakini matete na miti ya ukingoni ndiyo inayoushikilia ukingo. Ikifyekwa, shamba lenyewe litafuata.

Kazi hizi zikamilike kabla ya mwisho wa Novemba. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, pita kila kinga maji kwa miguu ukiwa na jembe, na tobo lolote utakalolikuta, hata dogo la kupitisha kiganja, lizibe na kulishindilia siku hiyohiyo.