Kabla hujampaka kuku dawa, chunguza mabanzi

Mwezi wa Oktoba mama mmoja wa karibu na Mafinga alinipigia simu akiwa na hakika kwamba kuku wake wamerogwa. Jioni ikifika wanalizunguka banda na kupanda kwenye mparachichi. Ukiwaingiza kwa nguvu, wanahangaika usiku kucha. Mayai yamepungua, na upanga wa kichwani umepauka kama nyama iliyochemshwa. "Bwana mifugo, dawa ya unga nimewapaka mara mbili, na dukani wameniuzia nyingine ya tatu." Nilifika mchana, nikapekua kuku sita, manyoya yote mpaka chini ya mabawa. Sikuona kitu. Nikanywa chai, nikasubiri giza.

Saa mbili usiku tukaingia na tochi ya simu. Banda lilikuwa la mabanzi ya paini, yale yanayobaki mashineni yakiwa na magome yake, kama mabanda mengi ya Mufindi na Njombe. Nikabandua gome moja kwa kisu, karibu na kichanja wanacholalia kuku. Chini yake palikuwa na kitu cha kijivu kama pilipili manga iliyosagwa, kisha ile pilipili ikaanza kutembea. Mama akaigusa kwa kidole na kukikandamiza kwenye karatasi nyeupe. Likabaki doa la damu. "Damu ya nani hii?" Ilikuwa ya kuku wake.

Wafugaji wengi hukosea hapo. Tunasema "wadudu wa kuku" kana kwamba wote wanakaa kwa kuku, wakati wamegawana makazi mawili tofauti kabisa. Chawa huzaliwa, huzaa na kufa juu ya ndege. Mayai yake ameyagandisha kwenye shina la unyoya, na ukimtoa kwa kuku hufa ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Utitiri mwekundu, ndio ule tulioukuta chini ya gome, ni kinyume chake: mchana unalala kwenye ufa, usiku unapanda kunyonya, kabla ya alfajiri umerudi. Ndiyo maana mchana sikuona kitu. Ukimpaka kuku dawa, umeipeleka mahali ambapo mwizi hayupo. Na usidhani kuliacha banda tupu kwa mwezi mmoja kunatosha, maana utitiri unaweza kukaa na njaa miezi kadhaa, hata minane.

Kuna utitiri wa aina nyingine unaobaki kwa kuku mchana na usiku, karibu na sehemu ya kutagia, na manyoya ya hapo huwa meusi kama yamepakwa masizi. Huo mshughulikie kama chawa. Papasi wa kuku naye ni mlala ufa, na anapatikana zaidi kwenye joto la tambarare, kama Usangu na Pawaga, kuliko huku kwenye baridi. Watoto wake hushikilia chini ya bawa siku kadhaa; wakubwa hunyonya usiku na kuondoka, na wanaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Anaambukiza kuku homa ya damu inayoua. Kiroboto anayeng'ang'ania machoni na kwenye upanga ana makazi mawili: jike anajichimbia kwenye ngozi, lakini mayai yanaanguka chini na watoto wanakulia kwenye vumbi na matandiko. Usimng'oe kwa kucha, utaacha kidonda. Mpake mafuta mazito ya mgando akose hewa, halafu fagia na kuchoma matandiko yote. Mbwa na paka wanaolala bandani waondoe, kwa sababu anaishi hata kwao.

Turudi kwa chawa, maana hapo nina jambo la kusema kuhusu mdomo wa kuku.

Chawa na ndege wamekuwa pamoja muda mrefu sana. Huko Eckfeld, Ujerumani, alipatikana chawa wa ndege aliyegeuka jiwe, mwenye umri wa miaka milioni 44 hivi. Katika muda wote huo kila mmoja amekuwa akimtengeneza mwenzake. Pekua kuku wako utaona: chawa wa bawa ni mwembamba na mrefu, analala katikati ya nyuzi za unyoya kama mtu aliyejibanza kwenye mfereji, wa kichwani ni mfupi na mnene, amekaa mahali ambapo mdomo haufiki. Ni mdomo uliowachonga hivyo, kwa sababu kila ambaye hakuweza kujificha alisagwa.

Watafiti wa Utah, Marekani, walilichunguza hili kwa njiwa. Ncha ya mdomo wa juu wa njiwa inaning'inia kidogo tu kupita ile ya chini, milimita moja au mbili. Walipoikata hiyo ncha, njiwa aliendelea kula vizuri, lakini chawa wakaongezeka sana. Ilipoota tena, chawa wakapungua. Ile ncha, kwa hiyo, ni kitana cha kusagia chawa. Katika jaribio jingine walihamishia chawa kwenye njiwa weupe na weusi, na baada ya miaka minne, yaani vizazi kama sitini vya chawa, wale wa njiwa weupe walikuwa wamepauka na wa njiwa weusi wamekolea rangi. Kwa hiyo ukiwa na kuku weupe usiwaangalie kwa mbali ukasema wako safi. Mshike kuku, tenganisha manyoya chini ya mkia na chini ya bawa, utafute vishada vyeupe vya mayai kwenye mashina.

Sasa fikiria tunavyokata midomo ya kuku wa mayai ili wasidonoane. Kwenye kuku wa mayai pia imepimwa: waliokatwa midomo hubeba chawa na utitiri wengi zaidi kuliko wenye midomo mizima. Sisemi usikate kabisa, maana mwenye kuku 500 kwenye banda moja ana sababu zake. Nasema ukikata, jua umemnyang'anya kuku silaha, na kazi hiyo sasa ni yako. Kwa kuku wa kienyeji wanaotembea sioni sababu yoyote ya kukata.

Silaha ya pili ni vumbi, na nyanda za juu zinatusumbua hapa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na Tukuyu hata zaidi, ardhi ni tope, na kuku anakaa miezi bila kuoga vumbi. Tengeneza bafu chini ya paa: tairi kuukuu, karai kubwa au boksi la mbao, lenye kina cha kutosha kuku ajifukie, kama sentimita 15. Jaza udongo mkavu laini uliochekechwa, uchanganye na majivu ya kuni yaliyopoa kabisa. Ukipata salfa ya unga kwenye duka la pembejeo, ongeza kidogo. Huko California walijaribu kuwawekea kuku maboksi ya vumbi la aina mbalimbali, na kwa waliooga, wadudu walipungua kwa asilimia 80 hadi 100 ndani ya wiki moja. La udongo lilisaidia pale tu boksi lilipokuwepo. La salfa lilishinda yote. Usiliondoe boksi, basi, kwa kuwa tu kuku wameonekana kupona.

Kama chawa wamezidi na dawa inahitajika, paka kuku wote siku moja, na rudia baada ya siku 7 hadi 10. Dawa nyingi haziui mayai ya chawa, na mayai yanaanguliwa katika siku 4 hadi 7, hivyo asiyerudia amelea kizazi kipya. Huku kwetu tuna bahati ya pareto. Maua yaliyokaushwa vizuri na kusagwa yanaua chawa na utitiri, ila jua huvunja nguvu yake haraka, kwa hiyo tumia jioni, na usiuweke unga dirishani ukidhani utakusubiri hadi mwakani. Mabaki yasifike kwenye bwawa la samaki wala karibu na mizinga ya nyuki. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ya kupulizia nyanya usimpake kuku kwa kukisia kipimo. Nimeona vifaranga wengi zaidi wakifa kwa hilo kuliko kwa chawa. Vilevile mafuta ya taa kwenye miguu yenye magamba yaliyoinuka huunguza ngozi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha paka mafuta ya kula kila baada ya siku chache mpaka magamba yalegee.

Na badilisha aina ya dawa, si jina la kopo tu. Bandani penye joto utitiri hukamilisha kizazi kwa wiki moja hadi mbili. Mwaka mmoja kwao ni sawa na zaidi ya miaka mia sita ya watu kuzaana. Ukiua kwa dawa ile ile kila mara, wanaobaki ndio wanaozaa, na Ulaya tayari kuna utitiri usiosikia dawa zilizotengenezwa kwa mfano wa pareto.

Kwa yule mama hatukuanza na dawa. Tulibandua magome yote, tukamwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, tukaziba kwa udongo uliochanganywa na majivu, tukapaka chokaa. Vichanja vya mianzi vilikuwa wazi kwenye ncha na ndani vimejaa utitiri. Tukaweka vya miti iliyochongwa, visivyogusa ukuta, kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu lililofunikwa juu kuku wasinywe. Baada ya siku saba tukarudia maji ya moto. Viota vya shomoro kwenye paa tukavitoa pia, kwa sababu ndege hao huleta utitiri bila nauli.

Magome aliyapanga pembeni ya jiko, akitaka kuyafanya kuni za wiki nzima. Nikamwambia, "Mama, choma leo leo." Utitiri ukikosa kuku huuma hata watu, na kitanda cha wajukuu kilikuwa ukuta wa pili.